Pima mlango kwanza, shokapu baadaye

Jiko la trela la umbo la tone la maji liko nyuma, na paa la jiko hilo ni mlango. Msafiri akifika kambini hufungua kitasa, huinua kipande cha plaiwudi na alumini chenye upana wa zaidi ya mita moja, kisha husimama chini yake akikata vitunguu na kungoja maji yachemke. Kinachouzuia mlango huo usimwangukie ni mirija miwili ya chuma, mmoja kila upande, yenye kipenyo cha milimita 18 hivi. Ndani yake mna gesi iliyoshindiliwa. Mafundi wa magari wa Afrika Mashariki wanaifahamu vizuri: ni shokapu za gesi, zilezile zinazoinua buti la Noah.

Marekani, ambako trela hizi zilizaliwa, watu wengi huzijenga wenyewe nyumbani, na karibu kila mjenzi hufika mahali pa kuuliza anunue shokapu gani. Swali hilo huulizwa mapema mno. Mtu hajajua mlango wake una kilo ngapi, hajajua uzito huo umekaa umbali gani kutoka kwenye bawaba, lakini tayari ameagiza shokapu “zenye nguvu”. Makala haya yanashikilia kwamba mpangilio huo ugeuzwe: mlango upimwe, hesabu ifanyike, ndipo pesa itoke mfukoni. Na hoja hiyo inamhusu dereva wa Probox anayepakia mboga alfajiri kama inavyomhusu mjenzi wa trela aliyeko Colorado.

Trela la umbo la tone ni zao la miaka ya 1930, wakati Wamarekani wenye magari madogo na kipato kidogo walipotaka kusafiri mbali bila kulipia hoteli. Baada ya Vita Kuu ya Pili lilishamiri zaidi. Alumini iliyobaki kutoka viwanda vya ndege za kivita ilipatikana, na mwaka 1947 jarida la Popular Mechanics lilichapisha ramani ambayo mtu mwenye msumeno na nafasi ya kufanyia kazi angeweza kuifuata mwenyewe. Vipimo vilifuata ubao: plaiwudi ya Marekani huuzwa kwa futi 4 kwa 8, yaani mita 1.22 kwa 2.44, na trela nyingi zilikuwa na upana wa futi 4, urefu wa futi 8 na kimo cha futi 4. Mbele kitanda, nyuma jiko.

Enzi hizo mlango wa jiko ulishikiliwa kwa gongo au kwa mkono wa chuma unaokunjwa. Shokapu za gesi zilikuwa bado. Kampuni ya Stabilus ya mjini Koblenz, Ujerumani, ilianza kuzitengeneza kwa wingi mwaka 1962, na magari yenye mlango mzima wa nyuma unaoinuka, kama Renault 16 ya 1965 na Volkswagen Golf ya 1974, yakaizoesha dunia mlango mkubwa wa aina hiyo. Trela za umbo la tone, zilizokuwa zimefifia miaka ya 1960, zilipofufuka miaka ya 1990, wajenzi wake walizikuta shokapu tayari ziko rafuni.

Kifaa chenyewe hakina mafumbo. Silinda imejazwa naitrojeni na mafuta kidogo. Pistoni iliyomo ndani ina matundu, kwa hiyo gesi iko pande zake zote mbili na shinikizo ni lilelile. Tofauti ni kwamba upande mmoja fimbo imechukua sehemu ya eneo ambalo gesi ingelisukuma. Nguvu inayobaki ni shinikizo mara eneo la fimbo. Fimbo ya milimita 8 ina eneo la milimita za mraba 50 hivi, na ili isukume kwa nguvu ya nyutoni 300, gesi lazima iwe na shinikizo la takriban PSI 870. Tairi la gari dogo hujazwa upepo wa PSI 33. Ndiyo sababu shokapu iliyochoka haitobolewi, haichomelewi na haitupwi motoni, hata kama inaonekana imekufa kabisa.

Yale mafuta kidogo yana kazi mbili: kuupunguzia mlango kasi unapokaribia mwisho wa kufunguka, na kuilainisha sili ya mpira inayoizuia gesi isitoroke. Kwa hiyo shokapu hufungwa fimbo ikielekea chini mlango unapokuwa umefungwa, ili mafuta yatulie juu ya sili. Fundi akiigeuza kichwa chini miguu juu, sili hukauka taratibu na gesi huanza kuondoka bila mtu kuona. Kurekebisha hilo hakugharimu kitu zaidi ya kuigeuza.

Sasa kipimo, ambacho ndicho kiini cha jambo zima. Mlango wa trela haupaswi kupimwa kwa kuukadiria mikononi. Kinachohitajika ni mizani ya kawaida ya kupimia uzito wa mwili na kipande cha mti. Mlango huinuliwa hadi ulale sawa na upeo wa macho, bawaba zikiwa mahali pake, halafu ukingo wake wa mbali huegemezwa juu ya mti uliosimama kwenye mizani. Kilo zinazosomeka, ukiondoa uzito wa mti wenyewe, huzidishwa kwa 9.8 na kwa umbali kutoka bawaba hadi ukingo. Jibu ni nguvu ambayo mlango unaitumia kutaka kujizungusha uanguke. Mlango wa kilo 18 wenye urefu wa mita 1.2, ambao uzito wake umetandazwa sawasawa, utaonyesha kilo 9 kwenye mizani. Tisa mara 9.8 mara 1.2 ni 106. Hiyo 106, kwa nyutoni-mita, ndiyo namba ambayo mjenzi anapaswa kuijua kabla hajafungua mlango wa duka lolote.

Namba hiyo hugawanywa kwa umbali uliopo kati ya bawaba na mstari wa shokapu, ukipimwa kwa pembe mraba, mlango ukiwa wazi. Umbali huo ukiwa sentimita 20, na shokapu zikiwa mbili, kila moja inatakiwa kutoa nyutoni 265. Ukiongeza akiba kidogo unafika 300, na hiyo ndiyo shokapu ya kununua. Fundi akizisogeza karibu na bawaba hadi sentimita 10, mahitaji yanaruka hadi nyutoni 530 kwa kila upande. Akizipeleka sentimita 30, yanashuka hadi 177, lakini fimbo sasa inahitaji kutoka nje kwa urefu mkubwa zaidi, na mwili wa trela unaweza kukosa nafasi ya kuilaza shokapu mlango ukifungwa. Hapo ndipo ufundi ulipo: katika kuchagua sehemu ya kufunga, kwa kipande cha kadibodi kilichokatwa kwa umbo la ubavu wa trela na kamba ya kupimia, kabla ya kutoboa tundu hata moja.

Wajenzi wengi huliona suala la nguvu kama suala la ukarimu: ukizidisha, umejikinga. Kwenye gari la chuma kosa hilo husameheka kwa kiasi fulani. Kwenye trela la mbao halisameheki. Shokapu haipumziki mlango ukifungwa; inakuwa imebanwa, na gesi iliyobanwa husukuma kwa nguvu zaidi. Shokapu ya nyutoni 300 inaweza kufikia karibu 390 ikiwa imeingia ndani yote. Mbili zinafanya 780, sawa na uzito wa kilo 80 hivi unaozisukuma skrubu za bawaba usiku na mchana, mwaka mzima, trela likiwa limeegeshwa tu uani. Ukiweka shokapu zenye nguvu mara mbili ya inayotakiwa, unaziongezea skrubu hizo kilo 80 nyingine.

Mlango wa trela hili ni mbavu za plaiwudi zilizokatwa kwa mviringo na kufunikwa kwa ubao mwembamba na bati la alumini. Umefungwa kwa bawaba juu na kwa kitasa chini. Katikati, pale shokapu zinaposukuma, hakuna kinachoushikilia isipokuwa ugumu wake wenyewe. Ukisukumwa kupita kiasi hutuna, mviringo wake ukaachana na ubavu wa trela, na mvua ikapata njia ya kuingia kwenye kabati la unga na sukari. Kisha mwenye trela hulaumu mpira wa kuzuia maji, akabadilisha mpira, na mvua ikaendelea kuingia. Chanzo ni namba iliyoandikwa kwenye silinda.

Dawa ya sehemu kubwa ya tatizo hili ni mpangilio wa kufunga. Mlango unapokuwa umefungwa, mstari wa shokapu unapaswa kupita karibu kabisa na bawaba, ili nguvu yake isipate pa kuuzungushia mlango. Unapoinuliwa sentimita chache, mstari unajitenga na bawaba na shokapu inaanza kusaidia. Mahali inapofungwa kwenye ubavu, skrubu za mbao peke yake hazitoshi. Bolti ipenye ubao wote na upande wa pili pawe na kipande cha chuma cha kusambaza mzigo. Na mlango ukifungwa, fimbo ibakize milimita 5 hadi 10 za kuingia. Ikifika mwisho kabla ya mlango kukaa, mkono wa mtu anayeulazimisha ufunge ndio utakaong’oa kila kitu.

Hali ya hewa nayo ina sehemu yake katika hesabu. Gesi hupoteza takriban theluthi moja ya asilimia ya nguvu kwa kila nyuzi moja ya Selsiasi inayopungua. Shokapu ya 300 iliyopimwa kwa nyuzi 20 itatoa karibu 275 asubuhi ya baridi ya nyuzi 5 chini ya sifuri, ambayo bado inatosha kwa mlango unaohitaji 265. Ikifika nyuzi 15 chini ya sifuri, inabaki na 264 na mlango unaanza kusitasita. Jangwani Arizona, kwa nyuzi 38, inapanda hadi 318. Akiba ile ndogo iliyoongezwa juu ya 265 ilikuwa na kazi yake.

Mlango pia haubaki ulivyokuwa. Leo ni taa ndogo, kesho rafu ya viungo, keshokutwa kitambaa cha kivuli kilichokunjwa kwenye ukingo. Kilo 3 tu zikining’inizwa kwenye ukingo wa mbali wa mlango wa mita 1.2 huongeza nyutoni-mita 35, yaani theluthi nzima ya mzigo wa awali, na shokapu zilizokuwa sahihi sasa ni dhaifu. Apimaye apime mlango uliokamilika, ukiwa na kila kitu kitakachokaa juu yake, rangi ikiwamo.

Kuna wajenzi wa mtindo wa kale wanaokataa shokapu kabisa na kubaki na gongo. Hoja yao ina uzito: gongo halipotezi gesi, halihisi baridi, na likivunjika linaonekana limevunjika. Lakini gongo lina udhaifu mmoja mkubwa, nao ni kwamba mtu mwenye sufuria ya moto mkononi huligonga kwa kiwiko. Upepo nao huliondoa. Mlango wa mita 1.2 kwa 1.2 ukipigwa uso kwa uso na upepo wa kilomita 50 kwa saa husukumwa kwa nyutoni 165 hivi, karibu sawa na uzito wake wote. Upepo wa namna hiyo si tufani. Ni alasiri ya kawaida kwenye nyanda za wazi. Jibu lenye busara ni kuwa na vyote viwili: shokapu za kuinua na kushusha, na kizuizi cha kufunga, ama mkono wa chuma wenye pini au kibano kinachoishika fimbo ya shokapu isirudi ndani, kabla ya jiko kuwashwa. Na jiko lenyewe likae mbali na silinda, kwa kuwa shokapu za kawaida hutengenezwa kuhimili hadi nyuzi 80, na mwali wa jiko la gesi huvuka kiwango hicho upesi.

Anayedhani hatari hii ni ya mafundi wa nyumbani pekee atazame kilichotokea mwaka 2015. Kampuni ya General Motors iliyarudisha gereji magari zaidi ya 780,000, yakiwamo Chevrolet Traverse, Buick Enclave na GMC Acadia, kwa sababu milango ya nyuma ingeweza kuwaangukia watu. Kulikuwa na taarifa za majeruhi 56. Uchafu ulikuwa ukiingia kwenye shokapu za gesi, ukila sili, na gesi ikipungua. Kama kampuni yenye wahandisi na maabara zake inaweza kushindwa na vumbi, mmiliki wa trela au gari kuukuu hana sababu ya kuziamini shokapu zake bila kuzikagua.

Vumbi hilo liko tele Afrika Mashariki, na shokapu zenyewe huletwa zikiwa zimeshazeeka. Kenya huruhusu kuingizwa kwa magari yaliyotumika yasiyozidi miaka 8, na Tanzania huyatoza ushuru zaidi yaliyo makuukuu, lakini gari la miaka 7 ni gari ambalo sili zake za mpira zina miaka 7 pia. Likishushwa Mombasa au Dar es Salaam hukutana na chumvi ya bahari, ambayo huitia fimbo vidoa vya kutu, na kila kidoa hukwaruza sili mlango unapofunguliwa. Likipelekwa bara hukutana na vumbi. Miaka michache baadaye shokapu huchoka, na kipande cha mti cha kuushikilia mlango huhamia ndani ya buti na kuwa sehemu ya vifaa vya gari, pamoja na jeki na tairi la akiba.

Wanaosimama chini ya mlango huo aghalabu si wenye gari. Ni vijana wanaopakia miraa kwenye Probox, ni mama anayeshusha matenga ya nyanya sokoni, ni utingo anayepanga mabegi kwenye Noah ya abiria. Hakuna kati yao aliyeuchagua ule mti wala kuukagua. Kwao mlango ukianguka, unaangukia shingo iliyoinama, mikono yote miwili ikiwa imeshika mzigo. Kuliita hili jambo dogo la gari bovu ni kuwakosea heshima.

Tiba yake ni nafuu kuliko matengenezo mengi ambayo madereva hukubali kuyalipia bila kunung’unika. Shokapu hubadilishwa zote mbili kwa pamoja, maana mpya ikifungwa upande mmoja na nzee upande mwingine, mlango husukumwa kwa upande na bawaba huliwa. Kazi yenyewe inahitaji mtu wa pili wa kuushikilia mlango na bisibisi ndogo ya kulegeza kibano cha waya kwenye kichwa cha shokapu. Fimbo haishikwi kwa koleo, kwa kuwa mkwaruzo mmoja unatosha kuua sili mpya. Ikisafishwa, ipanguswe kwa kitambaa kikavu tu. Grisi hunasa vumbi na kulipeleka kwenye sili.

Ugumu uko kwenye manunuzi. Katika maduka ya vipuri ya Kariakoo au Kirinyaga Road, Nairobi, shokapu za mtumba hulala sanduku moja na mpya, na mteja hupewa ile “inayoingia”. Kuingia si kigezo. Urefu unaweza kulingana na nguvu isilingane hata kidogo: Noah na Demio hazina mlango wa uzito mmoja. Nguvu huandikwa ubavuni mwa silinda, kama vile 400N, na mteja ana haki ya kuisoma kabla hajalipa, na kuilinganisha na ile ya shokapu anayoitoa.

Maandishi hufutika, na mtumba hauna tena nguvu iliyoandikwa. Kwa hiyo kila duka linalouza shokapu za gesi liweke mizani ileile ya kupimia uzito wa mwili. Shokapu husimamishwa juu yake fimbo ikiwa chini, ikaminywa wima kwa mikono miwili hadi ianze kuingia, na kilo zinazosomeka wakati huo huzidishwa kwa 9.8. Ya nyutoni 400 ionyeshe kilo 40 na kidogo. Ikionyesha 25, imeshapoteza zaidi ya theluthi ya gesi yake na haifai kurudishwa sandukuni. Fimbo iliyoloa mafuta haina haja ya kupimwa, kwa kuwa sili yake imeshapasuka. Na askari wa usalama barabarani wa Tanzania, ambao hukagua magari na kubandika stika katika Wiki ya Nenda kwa Usalama, waongeze hatua moja baada ya breki na taa: waufungue mlango wa nyuma, wauachie katikati ya safari yake, na watazame kama unapanda, unasimama au unashuka.